Je, Mwalimu wa Kijijini Aweza Kuwa Mchunguzi?

Neno "utafiti" huwatisha watu wengi. Likitajwa tu, watu huwaza majumba makubwa ya chuo kikuu, vyombo vya kioo, na mabwana wenye miwani waliosoma miaka ishirini. Mwalimu wa darasa la tatu hayumo katika picha hiyo. Mwuguzi wa zahanati hayumo, wala mkunga, wala seremala. Hao hudhaniwa kuwa kazi yao ni kupokea: wakubwa wachunguze, wao watimize.

Lakini wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni nani ajuaye kunguni wa darasa kuliko yule asimamaye mbele ya ubao kila asubuhi? Basi, ndugu wasomaji, swali letu la leo ni hili: mtu akiichunguza kazi yake mwenyewe, je, maarifa ayapatayo ni elimu ya kweli, ambayo hata wenye vyuo yawapasa kuiheshimu? Au ni maneno ya mtu anayejisifu?

Jibu langu ni kwamba yaweza kuwa elimu ya kweli kabisa, lakini kwa masharti. Wala msidhani kwamba swali hili ni la wasomi peke yao. Ndani yake mna uhai wa mama wazazi, na mna watoto wetu ambao huitwa wajinga kabla hawajaulizwa walichokosa kuelewa.

DAKTARI ALIYEICHUNGUZA MIKONO YAKE

Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na hospitali kubwa yenye wodi mbili za kuzalishia. Katika wodi ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari. Katika ya pili walifundishwa wakunga. Mwaka wa 1846 daktari mmoja Mhungari, jina lake Ignaz Semmelweis, alianza kazi ya msaidizi katika wodi ya kwanza. Akaona jambo la kuhuzunisha sana. Tangu mwaka wa 1841 hadi 1846, wodi ile ilikuwa imepoteza mama wapatao 10 katika kila 100, wengi wao kwa homa ya uzazi. Wodi ya pili haikupoteza hata 4 katika kila 100. Habari hizo zilienea mjini, hata wanawake wakawa wakilia na kuomba wasipelekwe katika wodi ya kwanza.

Wenye elimu wa siku zile walisema ni hewa mbaya. Semmelweis akajiuliza: ni hewa gani hiyo iingiayo mlango mmoja na kuuacha mlango wa jirani? Ndipo alipoanza kuijaribu sababu moja baada ya nyingine. Aliona kwamba katika wodi ya pili mama walizalishwa wakiwa wamelala ubavu, akaagiza wodi yake ifanye vivyo hivyo. Vifo havikupungua. Wengine walisema ni hofu: padre alipowapelekea mahututi sakramenti, alipita katikati ya wodi ya kwanza huku kengele ikilia mbele yake. Semmelweis akamwomba padre apite njia nyingine, bila kengele. Padre akakubali. Hata hivyo vifo havikupungua.

Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikufa. Alikuwa amechomwa kidoleni kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, na dalili za ugonjwa wake zilifanana na zile za mama waliokufa. Hapo Semmelweis akafumbuka macho. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa mama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 katika kila 100, na Julai kama 1.

Angalieni, wasomaji, jinsi uchunguzi huu ulivyomgharimu. Alikuwa akitafuta kilichowaua wagonjwa wake, akakuta ni mikono ya madaktari, na mikono yake mwenyewe imo. Mtu anayetaka kujisifu hafiki huko. Yeye alikubali, akakiri. Lakini alichelewa sana kuyaandika mambo yake yote katika kitabu. Alikitoa mwaka wa 1861, tena kwa maneno makali dhidi ya waliompinga. Wengi walimkataa, akafa mwaka wa 1865 kabla ya kusadikiwa. Haki yake ilionekana baadaye, Louis Pasteur na wenzake walipokwisha kuthibitisha habari za vijidudu.

DAKTARI ALIYEWASIKILIZA MAMA

Sasa tuje Afrika. Mwaka wa 1929 daktari mwanamke mzaliwa wa Jamaica, jina lake Cicely Williams, alipelekwa nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kazi yake ilikuwa kuwatibu watoto. Alikutana na wengi wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne, waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inachunika, nao wakifa. Madaktari wengine walisema ni pelagra, ugonjwa uliokwisha kujulikana. Yeye hakuridhika, kwa kuwa alichokiona kila siku hakikulingana na maelezo ya vitabuni.

Basi akafanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: aliwauliza mama wenyewe. Wao walikuwa na jina lake katika lugha ya Kiga, kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto mkubwa anapokuja mdogo wake. Mtoto aliachishwa ziwa kwa sababu ya yule mwingine, akalishwa uji wa mahindi mtupu. Katika jina lile mama walikuwa wamekwisha kueleza nusu ya habari. Williams akaandika kwa utaratibu juu ya watoto aliowatibu, dalili zao na chakula chao, akatoa maandishi yake mwaka wa 1933. Mwaka wa 1935 aliandika tena katika gazeti la madaktari la London liitwalo The Lancet, akilitumia jina lile la Kiga. Wapo waliompinga kwa miaka. Lakini leo kila daktari duniani hulijua neno hilo, na Williams mwenyewe aliwekwa mwaka wa 1948 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani.

WAUZA AISKRIMU WA TANGA

Mfano wa tatu ni wa nyumbani kwetu. Mwaka wa 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kungoja yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa chache, akayaweka yangali moto. Akaona yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa. Alipouliza darasani akaambiwa amechanganyikiwa.

Baadaye, kama Mpemba mwenyewe alivyosimulia, alikutana na rafiki yake mjini Tanga aliyeuza aiskrimu. Huyo alimwambia kwamba yeye huweka maziwa yakiwa moto ili yagande upesi. Kumbe jambo lilikwisha kujulikana na wafanyao kazi hiyo! Mpemba alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka wa 1969 wakatoa maandishi kwa pamoja. Hata leo wanasayansi wangali wakibishana juu ya sababu yake, na hata kama hutokea kila mara. Lakini wanalibishania kwa jina la Mpemba.

Mwaona tofauti? Mwuza aiskrimu alijua, lakini ujuzi wake ulibaki ndani ya jokofu lake. Mpemba aliuliza, akarudia kujaribu, akaliweka mbele za watu ili wengine nao walipime. Kuzoea kazi ni jambo moja, na kuichunguza ni jambo lingine. Wapo watu waliofanya kazi miaka thelathini, nao wamerudia mwaka mmoja mara thelathini.

WALIMU NAO

Habari za walimu zilianza kuandikwa baadaye kidogo. Kurt Lewin, Myahudi aliyeondoka Ujerumani mwaka wa 1933 akahamia Marekani, aliandika mwaka wa 1946 juu ya uchunguzi uendao pamoja na kutenda: mtu apange, atende, atazame yaliyotokea, afikiri, kisha apange tena. Mwaka wa 1953 Stephen Corey wa New York akatoa kitabu cha kuipeleka njia hiyo mashuleni.

Lakini aliyewatetea walimu kwa nguvu zaidi ni Lawrence Stenhouse wa Uingereza. Alisema kwamba mafundisho hayawezi kutengenezwa mbali na darasa kisha yakaletwa kama dawa katika chupa. Kila fundisho ni kama dhana ya kujaribiwa, na wa kulijaribu ni mwalimu mwenyewe katika darasa lake. Mambo hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1975. Uchunguzi, kwake yeye, ulikuwa ni kuuliza kwa utaratibu na kisha kuweka wazi ulichokipata. Hapo hamna neno la majumba makubwa wala vyombo vya kioo.

Mwenzake, John Elliott, alifanya kazi na walimu wa mashariki mwa Uingereza tangu mwaka wa 1973. Walikusanya ushahidi kutoka pande tatu: mwalimu aeleze alivyoliona somo, wanafunzi waeleze walivyoliona wao, na mtu wa tatu aliyeketi darasani aeleze alichokiona. Mara nyingi maelezo hayo hayakupatana. Mwalimu alidhani anawauliza wanafunzi maswali ili wafikiri. Wanafunzi wakasema wao hukisia tu jibu lililo kichwani mwa mwalimu. Mwalimu gani angelijua jambo hilo kwa kukaa peke yake?

Katika chuo kikuu cha Bath, Jack Whitehead, aliyeanza kazi huko mwaka wa 1973, aliwasaidia walimu na wauguzi kuifanya kazi yao wenyewe kuwa somo la shahada ya juu, hata ile ya udaktari wa falsafa. Swali lao lilikuwa moja: nifanyeje ili kazi yangu iwe bora? Wapimaji wa chuo waliyasoma maandishi yao, wakadai ushahidi, na wengi wakapewa shahada. Kwa hiyo mlango wa chuo kikuu umekwisha kufunguliwa kwa uchunguzi wa namna hii. Lakini mlangoni pana mlinzi.

KILA MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE

Mlinzi huyo ni swali ambalo hata mtu asiyejua kusoma aweza kuliuliza: mtu akijipima mwenyewe, tutamsadiki vipi? Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hoja hii ni ya haki. Tena mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwalimu akisifiwa kwa uchunguzi wake, aweza kuanza kuona mafanikio mahali yasipo.

Dawa yake ni masharti, nayo tumekwisha kuyaona katika mifano yetu. Kwanza, swali liwe dogo na wazi, kama lile la Semmelweis: kwa nini wodi hii, na si ile? Pili, yaandikwe siku ile ile, kwa hesabu inapowezekana, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya mtu hupenda kumpendeza mwenyewe. Tatu, pawe na cha kulinganisha: kabla na baada, au kundi hili na lile. Nne, wawepo mashahidi wengine, hasa wale wanaoguswa na kazi yenyewe: wagonjwa, mama, wanafunzi. Tano, matokeo yawekwe wazi, na yale yaliyoshindwa yatajwe pia. Kengele ya padre haikuwa sababu ya vifo; lakini kulijua hilo nako kulisaidia.

Na mipaka nayo ipo. Darasa moja halisemi kwa niaba ya nchi nzima. Kwa mambo makubwa, kama kujua dawa ipi yafaa kwa malaria, uchunguzi mpana wa watu wengi wahitajika, na mwuguzi hana ruhusa ya kujaribia wagonjwa dawa ngeni kwa shauri lake. Uchunguzi wa mfanyakazi hauondoi ule mwingine. Hujibu yale ambayo ule mwingine hauyaoni kwa kuwa uko mbali.

TUSEME NI DARASA LETU

Tuseme mwalimu mmoja ana watoto 45, naye anafundisha hesabu za sehemu. Amechoka. Asema, "Watoto hawa wavivu." Hilo ni neno la hasira, halina ushahidi. Basi achukue daftari la kawaida. Jioni asahihishapo, asiishie kutia alama ya kosa. Aandike kosa lenyewe. Huenda atakuta kwamba watoto 19, walipoambiwa waongeze nusu na theluthi, wameandika jibu lile lile: mbili kwa tano. Wameongeza namba za juu kwa juu, za chini kwa chini.

Watoto 19 hawawezi kuwa wavivu kwa namna moja. Wamefuata kanuni, ila ni kanuni ya uongo. Sasa mwalimu awaite wawili watatu, awaulize kwa upole, "Mwanangu, ulifikirije?" Kisha awape chungwa. Nusu ya chungwa ni hii. Ukiongezewa theluthi, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu? Mtoto ataona mwenyewe kwamba mbili kwa tano ni pungufu ya nusu. Mtu ameongezewa, naye amebaki na pungufu kuliko alichokuwa nacho! Wiki nne baadaye mwalimu atoe hesabu za namna ile ile, ahesabu tena. Wakibaki watoto 5, aandike 5. Wakibaki 18, aandike 18, atafute njia nyingine. Hiyo, ndugu, ndiyo kazi ya mchunguzi, na gharama yake ni daftari moja na machungwa machache.

MACHO YA WENZAKO

Wajapani wana desturi iliyozidi miaka mia moja. Walimu hukaa pamoja na kulipanga somo moja kwa uangalifu. Mmoja wao hulifundisha, na wengine huketi nyuma ya darasa wakiwatazama watoto: nani ameelewa, nani amekwama, amekwama wapi. Kisha hujadiliana, wakalirekebisha somo, na pengine mwingine akalifundisha kwa darasa jingine. Hawakai kumhukumu mwalimu. Hulichunguza somo, kwa sababu somo ni mali yao wote. Jirani zetu wa Zambia walianza njia hiyo mwaka wa 2005 katika Jimbo la Kati, kwa msaada wa Wajapani, kisha wakaieneza katika majimbo mengine.

Kwetu shule nyingi zina walimu wachache na kazi tele. Lakini hata walimu wawili wanatosha kuanza. Mmoja amwombe mwenzake aketi nyuma kwa nusu saa, aandike jambo moja tu: ni watoto gani wameulizwa leo, na ni watoto gani hawakuulizwa kabisa? Jibu lake laweza kumshangaza mwalimu kuliko kitabu chochote.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU WAKUU

Wazazi wapendwa, mtoto wenu akirudi nyumbani aseme, "Mwalimu ametuuliza kwa nini hatuelewi," msicheke, wala msiseme kwamba mwalimu huyo hajui kazi yake. Huyo ni daktari anayemwuliza mgonjwa pale panapouma. Mwambieni mtoto ajibu kweli, bila kuogopa. Nanyi mkiitwa shuleni kuulizwa jinsi mtoto anavyosoma nyumbani, kama ana taa, kama hutumwa kuchota maji saa za kusoma, semeni kama ilivyo. Mama wa Gold Coast walisema walichokijua, na watoto wengi duniani wakapona kwa sababu palikuwa na mtu aliyewasikiliza na kuandika.

Na ninyi walimu wakuu, na waganga wakuu wa zahanati, mkimwona kijana wenu ana daftari la maswali yake, msimwone mkaidi. Mpeni nusu saa kwa wiki akae na wenzake. Mwulizeni masharti yale matano: swali lako ni lipi, umeandika nini, umelinganisha na nini, nani mwingine ameona, umemwonyesha nani? Akiweza kuyajibu, msikilizeni kama mnavyomsikiliza mgeni kutoka mjini. Asipoweza, msimfukuze; mrudisheni kwenye daftari lake. Shule zinapofunguliwa muhula ujao, kila mwalimu aweza kuanza na swali moja dogo juu ya watoto alionao, na tarehe ya siku hiyo juu ya ukurasa wa kwanza.